Koti la Konsuli

Koti lilipovuliwa, umati mzima ulinyamaza, na kunyamaza si tabia ya watu wa Tarento.

Ndani ya koti lile la ngozi, la kukinga sufu ya kondoo isichafuke, lenye pindo la zambarau na vifungo vya shaba, alitarajiwa kutoka Konsuli. Huyo alikuwa kondoo dume wa Bibi Rabiria Polita, mjane tajiri kuliko wote kando ya mto Galeso, na alipewa jina la cheo kikubwa kabisa cha Roma kwa sababu bibi hakuona kingine kinachomtosha. Badala yake alitoka kondoo mzee mwenye sufu ya rangi ya maji ya kuoshea vyungu, na kovu la upele begani. Mzee yule aliwatazama waamuzi watatu wa mashindano ya sufu mmoja baada ya mwingine, kisha akakohoa.

Hapo kicheko kikalipuka. Kuna mtu alicheka mpaka akaangukia kapu la samaki.

"Nimeibiwa!" Bibi Rabiria alipiga ukelele. "Balio! Mkamateni Balio!"

Balio alikuwa mchungaji wake, mtumwa tangu utotoni, mtu mrefu aliyevaa koti la manyoya ya mbuzi lililochakaa, majira ya joto na ya baridi. Hakukimbia. Alisimama akimtazama yule kondoo kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta familia nyingine inakula. Mbele ya wageni na mbele ya sanamu ya mungu Minerva, bibi alikuwa ameapa kwamba sufu ya Konsuli ikishinda, Balio ataachwa huru siku hiyo hiyo. Sasa vijana wawili wa nyumbani walikuwa wamemshika mikono, na mkokoteni wa kwenda kwenye machimbo ya chumvi ulikuwa unageuzwa. Waliopelekwa chumvini hawakurudi wakiwa na macho mazuri, na wengi hawakurudi kabisa.

"Bibi mkubwa," sauti ikasema nyuma ya Rabiria, "mkokoteni usubiri kidogo."

Aliyesema alikuwa Dazimo, mpelelezi wa bwana soko wa mji. Alikuwa na kitambi cha heshima na miguu mifupi, na kinywani mwake mlikuwa bado na kipande cha mkate.

"Usubiri nini? Mwizi si huyu hapa?"

"Huenda. Lakini ukimpeleka chumvini, nani atatuonyesha alikomficha Konsuli? Nipe muda mpaka wageni wako wamalize chakula cha mchana. Na waamuzi nao wasitoe zawadi kwanza."

Waamuzi walikubali kwa kauli moja, maana chakula cha mchana cha Bibi Rabiria kilikuwa kinajulikana mpaka Brundisi. Rabiria alikunja uso, lakini akakubali. Mwenye njaa na mwenye hasira hawaamui vizuri, na siku ile pale uwanjani walikuwapo wa aina zote mbili.

Dazimo alianza na koti. Alilitandaza juu ya meza, akainamisha pua, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jambo la kwanza lilikuwa muhuri. Jana jioni, kama ilivyo desturi ya mkesha wa mashindano, mshipi wa koti ulipigwa nta, na nta ikapigwa pete ya mwenye mali ili mtu asimguse kondoo tena. Nta ile waamuzi waliikata wenyewe leo mbele ya watu, na kabla ya hapo ilikuwa nzima, haina hata ufa.

"Pete hii ni yako, bibi?"

"Haijawahi kutoka kidoleni."

"Na jana jioni uliipiga mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa mkono wangu. Nikambusu Konsuli kwenye paji la uso."

Dazimo aliitikia kwa kichwa. Kwa hiyo kondoo alibadilishwa kabla ya nta. Jambo hilo hakulisema, kwa kuwa bibi alikuwa na kikombe mkononi na alikuwa hodari wa kurusha.

Jambo la pili lilikuwa doa la zambarau kwenye ukanda wa tumbo, umbo la kidole gumba. Watu waliokuwa wanachungulia wakaanza kunong'ona, na jina lililonong'onwa lilikuwa moja tu: Titinio Makro. Huyu ndiye aliyekuwa mshindani wa Rabiria kila mwaka na mshindwa kila mwaka, na karakana zake za kutia nguo rangi ya zambarau zilikuwa kule ufukweni, kwenye vilima vya makombe ya konokono wa bahari vinavyonuka mpaka ng'ambo ya bandari.

Dazimo alimkuta Titinio kivulini, ameketi na kondoo wake kando, mikono yote miwili zambarau hadi kwenye viwiko. Ingawa alikuwa na watumwa tele, alipenda kutumbukiza nguo mwenyewe, na mkewe alikuwa amemhamishia chumba cha uani kwa sababu ya harufu.

"Najua umekuja kwa nini," Titinio alisema. "Kidole. Kila kikiibiwa kitu Tarento wanatafuta zambarau, halafu wanakuja kwangu. Mwaka juzi alikuwa jogoo."

"Na jogoo ulimchukua?"

"Jogoo nilimchukua. Kondoo sijamchukua."

"Ulitaka kushinda."

"Nani hataki? Lakini hebu niambie, Dazimo. Ningeingiaje zizini kwa yule mama nikamchague Konsuli kati ya kondoo wote? Miaka yote hii mimi nimetazama koti tu, na likivuliwa natazama sufu. Uso wake siujui. Wewe unaujua?"

Dazimo alijaribu kuuvuta uso wa Konsuli kichwani mwake, na kilichokuja kilikuwa pindo la zambarau na vifungo vya shaba. Kondoo wa Galeso hawana pembe, na nyuso zao hufanana. Koti huwafunika kutoka shingoni hadi chini ya tumbo, na Tarento hakuna mtu mwenye adabu anayechungulia chini ya koti la kondoo wa mwenzake.

"Nyoosha mkono," alisema.

Titinio akanyoosha. Dazimo alinusa kidole gumba chake, akarudi nyuma haraka, machozi yakimtoka.

"Samahani," Titinio alisema. "Mke wangu naye hufanya hivyo hivyo."

Dazimo akanusa ukanda wa koti mara ya pili. Rangi ya konokono haitoki harufu. Hata nguo aliyozikwa nayo babu yako, ukiifukua leo itakukimbiza. Doa hili halikunuka. Lilikuwa na harufu tamu, nzito kidogo, ya kitu ambacho Dazimo alikifahamu kwa karibu sana.

"Divai," alisema. "Tena divai nzuri."

"Basi si yangu," Titinio alisema kwa huzuni.

Balio walikuwa wamemfunga kwenye gurudumu la mkokoteni. Dazimo alichuchumaa mbele yake na kummegea nusu ya mkate.

"Sema polepole, ndugu yangu. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Baharini, bwana. Kuchukua chaza."

"Chaza? Mchungaji, siku ya mkesha?"

"Bibi alinituma. Alisema wageni wamemaliza za kwanza na bado wana nafasi. Niliporudi, alikuwa keshapiga nta."

Kutoka kwenye kiti chake kirefu, Bibi Rabiria alisikia. "Mwongo! Mimi nimtume mchungaji wangu chaza, siku kama ile? Mtu mwenye akili anaweza?"

Balio aliinamisha kichwa. Mtumwa hambishii bibi yake mbele ya watu, hata akiwa na kapu la chaza lenye ushahidi. Dazimo alimwona akimeza mkate kwa shida, akamwonea huruma kweli kweli. Mtu huyu asubuhi aliamka akiwa na uhuru umbali wa hatua moja.

"Yule mzee mwenye sufu mbaya unamjua?"

"Namjua sana. Ni maksai wetu wa zamani. Huvaa koti lenye viraka. Nashangaa, bwana, maana huyo leo alfajiri nimempeleka mwenyewe jikoni kwa bibi, achinjwe kwa ajili ya karamu."

"Ulimpeleka? Sasa huyu aliyetoka ndani ya koti la Konsuli ni nani?"

Balio alifikiri.

"Nilipeleka koti lenye viraka," alisema mwisho.

"Na aliyekuwa ndani yake, alikwendaje jikoni? Kwa kuvutwa?"

"Hapo ndipo nilipostaajabu. Yule mzee ana ukaidi, ukimsogeza hatua moja anakulipa teke. Leo alinifuata mwenyewe, pua yake kwenye kiganja changu njia nzima. Nikasema moyoni, maskini, amekubali kufa. Konsuli ndiye hunifuata hivyo kwa..." Uso ukamgeuka rangi ya majivu. "Bwana," alinong'ona. "Nimempeleka nani jikoni?"

Dazimo alisimama, magoti yakilia. Alikuwa na mshipi wenye divai na muhuri mzima, na sasa alitaka mtu mmoja tu wa kumaliza habari. Alimpata zizini. Sestulo, mpwa wa bibi, kijana asiye na kazi inayojulikana, alikuwa amelala kwenye majani makavu, taji la mawaridi ya jana likiwa limemfunika jicho moja. Kando yake kulikuwa na makombe ya chaza.

"Kijana, jana mlikuja hapa na wageni wangapi?"

"Mimi? Hapa? Sijawahi kuingia zizini. Nina kifua."

"Umelala zizini."

Sestulo alitazama huku na huku kwa makini. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia kwenye majani yale yale.

"Usimwambie shangazi," alisema.

"Shangazi yako alikuwepo?"

"Alikuwepo! Wazo lilikuwa lake! Baada ya chaza za kwanza alisema tuje tushike sufu ya Konsuli, tuone mfalme alivyo ndani. Akamtuma Balio alete chaza zaidi. Tukamvua Konsuli koti. Sasa jamaa mmoja akasema, uzuri hauonekani bila ubaya, tumvue na yule wa viraka tulinganishe. Tukalinganisha, tukacheka sana. Halafu mimi nikavaa koti la Konsuli nikacheza."

"Lilikutosha?"

"Mabegani lilinibana. Baadaye shangazi akasema inatosha, wanyama wataugua baridi, wavalisheni. Tukawavalisha."

"Nani alimvalisha nani?"

Sestulo alikuna kichwa chini ya mawaridi. "Kondoo walikuwa wawili," alisema polepole, "na makoti yalikuwa mawili. Yalitosha. Hatukuona sababu ya kuhangaika. Ndipo shangazi akapiga nta na kumbusu."

"Alimbusu yule mwenye upele."

"Kwenye paji la uso," Sestulo alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alionekana kutafakari.

Dazimo alikuwa keshageuka. Kwa desturi hakukimbia. Alisema kukimbia ni kazi ya mwizi. Siku hiyo alikimbia, kitambi kikitangulia, akapita uwanjani akipaza sauti, "Mfungueni Balio, twende jikoni!" Waliposikia jikoni, waamuzi nao wakakimbia, kwa sababu zao wenyewe. Bibi Rabiria akafuata akiwa amebebwa kwenye kiti, akiuliza kila mtu kumetokea nini.

Mlangoni mwa jiko harufu iliwapokea: nyama, mnanaa, jira, chungu kikubwa kikitokota. Balio alisimama kizingitini asiweze kuingia. Akaufunika uso kwa mikono yote miwili, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu anayelilia zawadi.

"Mama Mirto," Dazimo alimwambia mpishi, mwanamke mpana mwenye mikono ya mpiga makasia, "kondoo wa koti la viraka yuko wapi?"

"Chunguni," Mirto alijibu bila kugeuka.

"Ndani ya chungu hiki?"

"Unaona chungu kingine?"

Dazimo akachukua mwiko, akakoroga, akatoa mfupa. Akautazama. Kisha akaonja, kwa ajili ya uchunguzi. Kisha akaonja tena, kwa ajili yake mwenyewe.

"Mama Mirto, huyu ni mbuzi."

Kitu kikasikika kinatafuna. Mirto alisogea kushoto, sketi yake ikapanuka. Dazimo naye alisogea kushoto. Nyuma ya sketi, chini ya meza ya mboga, palikuwa na mnyama mwembamba, mweupe, uchi kabisa, masikio yamesimama, akila kabichi. Pembeni yake gunia lilikuwa limevimba.

"Basi," Mirto alisema na kuweka kisu chini. "Mlitaka nifanye nini? Nimefungua koti la viraka nikakuta sufu kama maziwa. Nikasema miungu imenikumbuka, kwanza nitamnyoa, sufu niuze, halafu nimchinje. Lakini kumnyoa kukachukua muda, na wageni wana njaa, nikachukua mbuzi wa jirani. Kila mwaka wanakula mbuzi wakasifu kondoo, mwaka huu wangejuaje?"

Mwamuzi mmoja alijitazama tumboni kwa masikitiko. Lakini mkuu wao, mzee aliyeshika sufu maisha yake yote, alikuwa keshatumbukiza mkono guniani. Aliutoa umejaa, akaufungua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii," alisema taratibu, "sijawahi kushika mfano wake nchi hii. Ni ya kwanza, haina mpinzani." Akamgeukia Rabiria, ambaye kiti chake kilikuwa kimekwama mlangoni. "Shida ni moja, bibi. Kondoo huyu hakupigwa muhuri. Muhuri wako ulikuwa kwa mwingine. Siwezi kutoa zawadi mpaka mwenye mali aseme mbele ya watu jinsi ilivyokuwa."

Kila mtu alimtazama Rabiria. Sestulo, aliyekuwa amefika akiwa na majani kichwani, alikuwa amekwisha kusema yote njiani kwa yeyote aliyemsikiliza, ila neno la mpwa mlevi si neno la mwenye mali. Ilibidi aseme bibi mwenyewe: kwamba alimtuma Balio chaza, kwamba alimvua mfalme wake nguo kwa mchezo, kwamba alimbusu maksai mwenye upele na kumpigia muhuri. Mji mzima ungecheka mpaka mavuno ya zeituni. Na akinyamaza, zawadi ingekwenda kwa Titinio na Balio angekwenda chumvini. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa anaombwa alionyeshe hadharani.

"Sikumbuki," Rabiria alisema huku akitazama ukuta. "Na huyo mnyama wa jikoni mtoeni, anachafua. Anafanana na mbwa aliyeugua."

Balio aliteremsha mikono kutoka usoni. Dazimo alijaribu kutafuta neno la sheria, hakulipata.

Ndipo yule mnyama uchi alipoacha kabichi. Alipita kati ya miguu ya waamuzi, akafika kwenye kiti, akaingiza pua kwenye mkunjo wa vazi la Rabiria, upande wa kulia, pale ambapo kila jioni kwa miaka yote aliweka kipande cha mkate wa shayiri kilicholowekwa kwenye divai. Leo hapakuwa na kitu. Akaendelea kutafuta, kwa upole, kwa subira, bila shaka yoyote kuhusu mkunjo ni wa nani.

Uso wa Rabiria ulianza kutetemeka kutoka kidevuni. Alimshika yule kondoo masikio yote mawili, akamtazama machoni kama mtu anayeonana naye mara ya kwanza, na ndivyo ilivyokuwa.

"Ni mimi," alisema, machozi yakiharibu wanja. "Ni mimi mjinga. Nilimtuma Balio chaza. Nilimpigia muhuri yule mwenye upele, nikambusu, jamani, nikambusu mara mbili! Haya chekeni!"

Wakacheka, na kati yao Titinio alicheka vizuri zaidi kuliko wote. Zawadi ilitolewa pale pale jikoni, na kiapo ni kiapo: mbele ya waamuzi na chungu cha mbuzi, Bibi Rabiria alimshika Balio mkono, akamzungusha mara moja kwa desturi ya Roma, akamwachia, akasema kwamba kuanzia leo ni mtu huru. Wakampeleka uani. Kinyozi akamnyoa kichwa na ndevu, kama inavyofanywa kwa mtumwa aliyeachwa, wakamvua lile koti la manyoya ya mbuzi, wakamvisha kanzu safi na kofia nyeupe ya sufu, alama ya aliyeachwa huru.

Karamu ikaanza. Dazimo alipewa nafasi nzuri, karibu na chungu. Rabiria, aliyekuwa sasa na furaha ya mtu aliyeaibika akabaki hai, aliwainulia wageni kikombe, akawasimulia mwenyewe habari ya busu, akaongeza chumvi kila alipoisimulia. Katikati ya kicheko akakumbuka jambo. Akamgeukia mtu aliyesimama ubavuni pake na jagi la divai mkononi, mtu mrefu, mwenye kofia nyeupe, ambaye kwa mazoea ya maisha yote alikuwa amelinyanyua jagi alipoona vikombe vimekauka.

"Wewe kijana," alisema kwa ukarimu, "hebu niitie Balio. Nataka aje ale nasi, yule mtu wangu."

Dazimo aliacha kutafuna.

Yule mtu aliweka jagi mezani, polepole, lisimwagike.

"Balio ameshaondoka, bibi," alisema.

Akatoka kwa mlango wa mbele. Kutoka chini ya meza Konsuli aliruka na kumfuata, uchi vile vile, na ilibidi Sestulo na waamuzi wawili wamshike miguu.